Liko kwa Yoramu: Wasifu wa Mtunza Majalada Aliyeiogopa Mvua

Mchungaji, wazee mliotoka Handali tangu alfajiri, majirani zetu wa Makole, mliofanya kazi na marehemu, na wewe Mheshimiwa Mbunge uliyeketi hapo mstari wa mbele, shikamooni nyote mnaostahili, mbukwenyi kwa watu wa nyumbani, mimi ni Erica Yoramu Chidawali, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu, na nimesimama kusoma historia ya baba yangu kwa niaba ya familia, ingawa, niseme ukweli, familia ilimteua kaka yangu Stanley, na Stanley saa moja iliyopita alinikabidhi karatasi akasema, "Soma wewe, Erica, mimi naogopa kazi yangu," nami nikamjibu kwamba hapo amesema kweli, maana mimi sina hata ya kuiogopea. Karatasi aliyonipa ilikuwa imekatwa aya tatu kwa kalamu nyekundu, nimezirudisha zote.

Tangu jana mwili ulipofika kutoka hospitali mnanong'ona, nawasikia, mnaulizana kwa nini jeneza limelala nje kama mgeni asiyejulikana, kwa nini marehemu hakuingizwa sebuleni kwake akaage kuta alizozijenga mwenyewe, na kwa nini mlango wa sebule una kufuli na ufunguo mama ameufunga kwenye pindo la kanga. Wapo waliosema ni mambo ya giza, na yupo mama mmoja hapo nyuma aliyesema, "Hawa wana joka humo ndani, wanalifuga." Hakuna joka, mama, lingekuwa joka tungewaita vijana wakaliua tukamaliza, kilichomo humo kimetuogopesha miaka karibu minne na nitakieleza, lakini kwa mpangilio, kuzaliwa kwanza, kwa sababu baba asingenisamehe nikianza na ukurasa wa mwisho.

KUZALIWA NA ELIMU

Marehemu Yoramu Chidawali alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Handali, ambacho sasa kiko wilaya ya Chamwino, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa mzee Chidawali Masinga na mama Damari Lechipya, wakulima wa uwele na mtama na wafugaji wa ng'ombe wachache, watu ambao maisha yao yote walitazama juu kila Novemba kuuliza kama mvua inakuja au haiji. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Handali kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akachaguliwa kuendelea na sekondari mjini Dodoma, na alihitimu kidato cha nne mwaka 1979.

Mwaka huo huo alitakiwa aonyeshe uthibitisho wa kuzaliwa, akarudi kijijini kulitafuta daftari alimoandikwa akiwa mtoto mchanga, akafunguliwa sanduku na ndani yake hakukuta daftari, alikuta udongo mwekundu wenye umbo la daftari, mchwa walikuwa wamekula kila kitu wakaacha jalada la juu tu, na baba alikuwa akitusimulia kwamba siku ile alishika jalada lile likavunjika mkononi kama kaukau, naye akiwa na miaka kumi na minane akaogopa, akajiuliza kama kweli amezaliwa. Aliapa mbele ya hakimu, akapata karatasi nyingine, lakini ile hofu hakuiacha Handali, alikuja nayo mjini.

KAZI

Tarehe 3 Januari 1983 marehemu aliajiriwa kuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma ambayo familia imeniomba nisiitaje, na kwa hilo moja nimewatii, akahamishiwa masjala mwaka 1985, akapelekwa Tabora kwa kozi ya utunzaji kumbukumbu mwaka 1987 na kurudi 1988, na kuanzia hapo hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021 hakuwahi kufanya kazi nyingine wala kuomba kuhamishwa.

Kwa wasioijua kazi hiyo, masjala ni chumba ambamo majalada yote ya ofisi hukaa, na kanuni yake ni kwamba jalada likitoka kwenye rafu huachi pengo tupu, unaweka mahali pake kadi ngumu yenye namba ya jalada, tarehe, sababu ya kutoka na jina la aliyelichukua, na kadi hiyo husomeka, "Liko kwa fulani." Baba aliiheshimu kadi ile kama wengine wanavyoheshimu hati ya nyumba, aliwafuata wakubwa hadi mezani kwao akiwaambia, "Mkurugenzi, samahani, lile jalada lako leo lina siku ya tisa, rafu inaniuliza," na wapo wakurugenzi waliokuwa wakijificha msalani wakisikia viatu vyake, wenzake mliopo hapa mnacheka kwa sababu mnawajua.

Ofisi hiyo ilihamia Mtumba, kwenye mji mpya wa serikali nje kidogo ya hapa, mwezi Julai 2019, wakachukua kompyuta, wakachukua viti vya kuzunguka, wakachukua hadi mapazia, seriously, mapazia, na majalada ya zamani, yale ambayo hayatumiki kila siku lakini hayaruhusiwi kutupwa, wakayaacha hapa mjini kwenye ghala lenye bati zilizokwisha, wakamwambia baba, "Mzee Yoramu, wewe baki nayo kidogo, tutayafuata." Humo mna ramani za vijiji vilivyopimwa miaka ya sabini, mna rejista za viwanja, mna mashauri ya mipaka, mna majina ya watu waliohamishwa na walipopelekwa, kwa kifupi mna jibu la kila ugomvi wa ardhi utakaotokea mkoa huu kwa miaka hamsini ijayo. Kidogo kile kimefika leo.

NDOA NA WATOTO

Marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu Priska tarehe 22 Septemba 1990, baada ya uchumba wa miaka miwili ulioendeshwa kwa barua, na barua zile mama anazo, kila moja ina namba ya kumbukumbu pembeni, ya kwanza namba moja na ile ya kuomba kuoa namba kumi na nne, ambayo inaanza, "Rejea barua yangu ya tarehe 6 Februari ambayo haijajibiwa." Mama anasema alikubali kwa sababu alihofia angetumiwa ya ukumbusho.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Stanley aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1992, ambaye ni mtumishi huko Mtumba, na mimi niliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1996, ambaye baba alinishawishi nisome shahada ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka, nikahitimu Novemba 2019 na GPA ambayo sitaitaja msije mkasema najisifu msibani, na tangu siku hiyo hadi leo sijaajiriwa na mtu. Baba alipostaafu, nafasi yake ilibaki wazi, ghala lile lile, mji huu huu, nikapeleka CV, nikajibiwa kwamba nafasi ipo ila kibali cha kuijaza hakipo, nikapeleka tena mwaka uliofuata nikajibiwa hivyo hivyo na dada yule yule, kwa upole ule ule, na wakati huo wakamwomba mstaafu wa miaka sitini aendelee kushika ufunguo "mpaka apatikane mtu." Mtu alikuwa akimchemshia chai kila asubuhi, lakini no comment, leo si siku yangu.

MAJALADA

Hapa ndipo kalamu nyekundu ilipoanzia.

Tarehe 17 Januari 2020, siku ya Ijumaa, mvua ile kubwa iliyovunja makorongo ilinyesha saa tisa mchana, na bati mbili za ghala zikaruka, baba akakuta maji yanaingia juu ya rafu ya tatu na majalada ya chini yanaelea, akampigia mkuu wake wa wakati huo, na mkuu akiwa njiani kwenda kwenye kikao akamwambia kwa simu, "Mzee wangu, yachukue yaliyolowa, kayakaushe kwako siku mbili tatu, nitaandika barua." Baba, ambaye alikuwa akimrudishia mtu karatasi yake kwa kukosa sahihi tu, ambaye hakuwahi kupokea neno la mdomo tangu arudi Tabora, siku ile kwa sababu ya woga wa maji alilipokea neno la mdomo, na lilikuwa kosa lake pekee la kazi kwa miaka thelathini na nane. Barua haikuandikwa, mkuu alihamishwa Machi, na aliyekuja baada yake akasema yeye hajui habari hizo.

Lakini kadi baba aliweka, kwa kila jalada alilolitoa aliacha kadi kwenye rafu, "Liko kwa Y. Chidawali, sababu: kukaushwa," na alipojaribu kuyarudisha mwezi Februari akakuta mahali pale pale panavuja, akayarudisha nyumbani, na kila masika yakaongezeka mengine, bati zikaondoka nyingine, mchwa wakapanda ukutani, mpaka leo sebuleni kwake mna maboksi arobaini na moja yenye majalada mia sita na kumi na mawili ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano, yamepangwa kwa namba, kutoka sakafuni hadi darini, na ndiyo maana jeneza halikuingia, halikuwa na pa kupita.

Bi Salma, jirani yetu, wewe uliyajua, maana uliona karatasi zimeanikwa kwenye kamba zetu kwa vibanio vya nguo ukamuuliza mama, "Dada Priska, leo mnafua vitabu?" na mama akakujibu ni mitihani ya shule, akakudanganya, na tunakuomba radhi mbele ya watu, ingawa mbuzi wako naye alikula karatasi moja ya jalada la kisima, na baba hakumpiga mbuzi, alichukua karatasi nyeupe akaandika, "Ukurasa wa 17 umeliwa na mbuzi wa jirani, tarehe 4 Machi 2021, saa nne asubuhi," akatia sahihi, akaiweka mahali pa ile iliyoliwa, iko mpaka leo.

Mnacheka, chekeni, na sisi tulicheka siku ile, lakini ndiyo mara ya mwisho nakumbuka kumsikia baba akicheka kwa sauti, kwa sababu kuanzia mwaka huo aliingiwa na hofu ambayo hatukujua pa kuipeleka. Gari lenye namba za serikali likipunguza mwendo mtaani kwetu, baba aliacha kula. Mtu akibisha hodi asiyemjua, alisimama katikati ya mlango wa sebule amepanua mikono kama kipa. Alijua kwamba kukutwa na jalada moja la serikali nyumbani ni kosa, na alikuwa nayo mia sita na kumi na mawili, na kadi zote kule ghalani, kwa mwandiko wake mwenyewe, zilikuwa zinamtaja. Mama akimwambia, "Baba Stanley, si uyarudishe tu yaishe," anajibu, "Nirudishe wapi, mama, nikayamwage majini kwa mkono wangu?"

Na mvua, ndugu zangu, mvua. Sisi ni watu wa Dodoma, hapa mvua ikichelewa watu wanafunga na kuomba, na tulipokuwa na ibada ya kuombea mvua, Mchungaji utanisamehe, mimi nilikaa karibu na baba nikamwona, kanisa zima limeinua mikono yeye ameifunga mapajani, midomo haisogei, mtoto wa mkulima wa uwele wa Handali, amefumba macho kwa nguvu, na tulipotoka nikamuuliza, "Baba, hukuomba?" akaniambia, "Niliomba inyeshe Handali, mjini ipite pembeni." Alikuwa na aibu akisema vile. Ngurumo ikilia hata kwa mbali, alikwenda kuweka mkono juu ya maboksi kama unavyompima mtoto homa.

BUSI

Katika mstari wa pili kuna mzee mwenye kofia nyeupe, usisimame mzee, baki umekaa, anaitwa Mzee Swedi, ametoka kijiji cha Busi, Kondoa, na alikuja kwetu mara ya kwanza tarehe 8 Agosti mwaka huu na furushi la mbaazi na karatasi ya wito wa baraza la ardhi, kwa sababu mtu mmoja amejitokeza na hati mpya inayosema mashamba ya upande wa mashariki wa Busi ni yake, kaya tisini na sita zitoke, na wazee wa Busi wanakumbuka kwamba mwaka 1974 walikuja wapimaji wakachora ramani, lakini baraza halipokei kumbukumbu za wazee, linataka nakala ya ramani yenye muhuri wa ofisi.

Ramani ile ipo, iko kwenye boksi la kumi na tisa hapo sebuleni, nimeishika kwa mikono yangu, upande mmoja una alama ya maji lakini mpaka wa mashariki unasomeka, kila jiwe, kila mti. Mzee Swedi alipokwenda ofisini Mtumba kuomba nakala, wakaangalia wakamwambia, "Jalada haliko kwenye rafu, kadi inasema liko kwa Yoramu, kamlete Yoramu," na hawawezi kugonga muhuri kwenye karatasi iliyotoka chini ya kitanda cha mtu, hata mimi niliyesoma kazi hiyo nisingegonga, jalada ni lazima lirudi mahali rasmi kwanza. Shauri linasikilizwa tarehe 14 Desemba, siku kumi na mbili kuanzia leo, na mahali rasmi pekee palipopo ni ghala nililoingia mwezi Oktoba na ufunguo wa baba, nikakuta mbingu juu ya rafu ya tatu, nyaya za umeme zimening'inia hadi usawa wa uso wangu, na vichuguu vya mchwa vimepanda kwenye mbao za rafu ya nne hadi namba za jalada hazionekani. Niligusa moja. Likavunjika vile vile baba alivyosimulia, nikatoka mbio, na sioni haya kusema kwamba nilikimbia.

MARADHI NA KIFO

Marehemu alianza kukohoa mwezi Februari 2023, tukadhani ni vumbi la kawaida la hapa kwetu, akatibiwa mara tatu kwa dawa za kifua bila nafuu, na mwezi Septemba daktari alimuuliza anafanya kazi gani, baba akasema, "Nakausha karatasi," daktari akadhani anawehuka, mpaka nilipoeleza, ndipo akasema ukungu wa makaratasi yaliyooza ukivutwa miaka mingi hukaa kwenye mapafu. Tarehe 20 Novemba alilazwa hospitali ya rufaa, na tarehe 27 Mzee Swedi alikuja wodini kumjulia hali, hakulitaja jalada hata kidogo, kwa heshima, alimpa tu pole akakaa, lakini baba alimtazama akaanza yeye, "Mzee wa Busi, tarehe ngapi?" Swedi akamwambia kumi na nne, na baba akanigeukia, "Erica, la Busi lirudi kwanza." Akapumzika kidogo, pumzi zilikuwa zinakuja kwa kusukumwa, kisha akanishika mkono, "Lakini usilirudishe kule, kule kunavuja." Nikamuuliza, "Sasa nilirudishe wapi, baba?" Alinitazama, na macho yale sitayasahau, hayakuwa macho ya mtu anayeogopa kufa.

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 30 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Jana, Ijumaa, kabla hata mwili haujatoka hospitali, kijana mmoja wa ofisini alimpigia mama, kwa adabu, simlaumu, akasema, "Pole sana mama kwa msiba, ila tunaomba utusaidie, kadi zinasoma jina la mzee na mzee sasa hayupo, tukikaa kimya itaonekana yamepotea, itabidi tutoe taarifa." Tangu simu ile mama hajala, na shangazi zangu wawili walishauri, kwa nia njema kabisa, kwamba tuyachome maboksi yote nyuma ya nyumba, yaishe, mfu hashtakiwi. Stanley alishika kichwa. Mimi nilichukua ufunguo nikampa mama aufunge kwenye kanga.

OMBI

Mheshimiwa Mbunge, with due respect, najua ulikuja kutoa rambirambi na kuondoka, na dereva wako ameshawasha gari, lakini marehemu anakuhitaji kwa dakika tatu. Sikuombi kazi, usije ukadhani haya ni maombi ya ajira yaliyovishwa sanda. Nakuomba, serikali itakapoleta bajeti ya mwaka 2024/2025, usimame useme kwamba nchi imehamisha makao makuu yake yote kuja Dodoma ikasahau kuhamisha kumbukumbu zake, na uwaombe wenzako watenge fungu lenye jina lake, lisilomezwa na mengineyo, la jengo la nyaraka za zamani, lenye paa lisilovuja na sakafu iliyoinuka, rafu za chuma ambazo mchwa hawapandi, umeme usioning'inia, na watu waliosomea kazi wa kukaa humo, wawe akina nani mimi sijali. Nyinyi mnatunga sheria, na sheria ikishatungwa ni karatasi, kesho nayo itakuwa ya zamani, nayo itapelekwa chini ya bati kama zile, na siku mtu atakapokataa kwamba mliwahi kuitunga, mtamwonyesha nini?

Bajeti ni Juni, mimi naogopa leo. Redio imetangaza El Nino, na wote mmeliona wingu lile limekaa upande wa Mtumba tangu tulipoanza. Turubai hili mlilokaa chini yake hatukulikodi, ndilo linalofunika maboksi sebuleni, kwa sababu nyumba yetu nayo inavuja, tulilitoa asubuhi ili msipigwe jua, na sasa hivi ninapowasomea majalada yako wazi. Kwa hiyo ombi la pili ni dogo, chumba kimoja kikavu, popote, kwenye jengo lolote la serikali, kwa barua yenye sahihi na siyo kwa simu, kabla ya tarehe 14, ili jalada la Busi likae mahali rasmi hata kwa siku moja ligongwe muhuri. Daftari la orodha liko mkononi mwangu, lina namba zote mia sita na kumi na mawili, ukurasa wa mwisho una nafasi ya "Amepokea," baba aliichora mwenyewe kwa rula, haijawahi kujazwa. Nitaliweka mezani karibu na kitabu cha rambirambi, na kalamu.

Usipojaza leo, basi. Jana mchana mama alinisomea namba na mimi nikaandika kadi mpya, moja moja, vidole vimevimba, na tukitoka makaburini nitakwenda ghalani kuzibadilisha, za zamani sitazichana, nitazipiga mstari kama alivyonifundisha na kuandika "Limerudi," na mpya zinasomeka, "Liko kwa Erica Chidawali, Makole." Mtu akitaka kushtaki, jina analo na mtaa anaujua. Naogopa, msione nasoma kwa sauti kubwa, lakini kadi ni lazima iwe na jina la mtu aliye hai.

SHUKRANI

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa waliomhudumia baba kwa subira hata alipokuwa akiuliza faili lake la matibabu linahifadhiwa wapi, inawashukuru majirani wa Makole na kipekee Bi Salma aliyepika tangu Alhamisi, inawashukuru wafanyakazi wenzake mliokuja, najua mmoja wenu aliambiwa asije na amekuja, inamshukuru Mzee Swedi na watu wa Busi kwa mbaazi na kwa kutomsumbua mgonjwa, inamshukuru Mheshimiwa kwa kuendelea kukaa, na hatuwezi kumtaja kila mmoja, pokeeni asante zetu. Sasa nawaomba, vijana sita wabebe jeneza, na waliobaki, kabla hatujapanga msafara kwenda kanisani, mtusaidie kufungua kamba za turubai hili tulirudishe ndani, mama atafungua mlango, ingieni mwone wenyewe, hakuna joka.

Baba, umemaliza zamu yako, jina lako leo linatoka kwenye kadi zote, hakuna atakayekudai jalada tena, wala ule ukurasa wa mbuzi. Lala. Mvua ikianza kunyesha usiamke, tutaamka sisi.